Beseni la Goliati

Mimi ni fundi cherehani, na fundi hashiki kitu kirefu bila kukipima. Wiki tuliyomzika baba, mama alinipa sanduku lake la bati nilipange. Chini kabisa, chini ya suruali mbili na Biblia iliyoliwa na mchwa, nikakuta mkanda wa ngozi. Nikadhani ni wa suruali. Nikaupitisha kiunoni, nikaufunga, ukanikaa sawasawa, na mimi si mwembamba. Kisha nikaona pete ya chuma mbele, na harufu ikanifikia, ya ngozi iliyolowa mate ikakauka ikalowa tena. Nikaketi kwenye mkeka. Ulikuwa mkanda wa shingo ya mbwa, na mbwa mwenyewe nilimjua.

"Mama, hii si ya Goliati? Ilifika namna gani humu?"

Kwa nijuavyo mimi, Goliati alirudi Lilongwe, akapona, akala, akaishi huko kwa tajiri wake mpaka kufa, na mkanda wake ukabaki shingoni. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Akaanza kusema bila kuyaacha. Nitayaeleza aliyosema. Lakini kwanza nieleze ninayoyakumbuka mwenyewe, kwa sababu nimeishi nayo hayo tu tangu nikiwa na miaka tisa, na niliyaamini kama ninavyoamini jina langu.

Baba alikuwa mlinzi wa nyumba moja Area 18, mtaa wa Lilongwe. Sisi tulikaa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, katika nyumba ya vyumba viwili ya matofali mabichi, na baba alikuja mwisho wa mwezi akiwa na sabuni na hadithi. Hadithi nyingi zilikuwa za mbwa. Mwenye nyumba, tuliyemwita Madamu tu, mwanamke wa peke yake aliyefanya kazi ofisini City Centre, alikuwa na mbwa wa ile aina wanayoiita Great Dane. Baba alisema ana kitabu chenye picha yake na sindano zake zote. "Yeye iko na kitabu muzima," alituambia, "siye bantu watatu tuko na karatasi moja." Tulicheka. Mama hakucheka sana.

Halafu ikatangazwa hesabu ya wakimbizi. Wazazi wetu waliiita resansema. Watu wenye madaftari wangepita nyumba kwa nyumba, na kila mtu akutwe mlangoni kwake. Ukikutwa, umo. Usipokutwa, jina linapigwa mstari, na mwenye mstari hapokei unga wala maharagwe wala mafuta mpaka Mungu ajue lini. Baba ilimbidi aje. Na wakati huo huo Madamu alikuwa amesafiri, amemwachia nyumba na mbwa, na mbwa yule hakula kama baba hayupo karibu. Baba akafanya jambo ambalo hakumwomba mtu ruhusa. Alimleta.

Walifika kwa matola, pikapu ya nyanya, siku moja kabla ya hesabu. Turubai likafunuliwa, na nikaona kichwa kikipanda, kikapanda tena. Alikuwa na rangi ya majivu. Aliposhuka, kidevu chake kilipita meza yetu, na nyayo zake zilikuwa kubwa kuliko viganja vyangu. Wanawake waliokuwa kwenye bomba waliacha ndoo zao zikifurika. Baada ya nusu saa watoto wa mtaa mzima walikuwa wameshampa jina la Goliati, na kila mmoja akajifanya Daudi. Jiwe la kwanza, hata hivyo, halikurushwa na mtoto. Lilirushwa na jirani yetu, Papa Ntwari.

Papa Ntwari alikuwa Mnyarwanda aliyepitia Kongo kama sisi, mtu mkavu, wa maneno machache na yote ya ukali. Aliishi peke yake ukuta kwa ukuta nasi. Huyo Ntwari ambaye alikuwa baba yake, hakuna aliyewahi kumwona, na hakuna aliyeuliza. Alisimama akamtazama mbwa kuanzia mgongoni mpaka kwato ambazo hakuwa nazo, kama mtu anayetaka kununua ng'ombe, kisha akaokota jiwe. Lilimpata pajani. Lile jitu likalia kama mtoto, likajificha nyuma ya mama yangu.

"Papa Aline," mama akamwambia baba, bila kugeuka, "hii kitu utaikulisha na nini? Na kesho bale bantu ba resansema bakiiona? Batasema ba nyumba hii beko na chakula ya kuchezea. Batatukata."

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu ya nyumba yetu siku zile mbili, na nataka ieleweke, maana mtu ambaye hajala kwa orodha anaweza kuiona ndogo. Mwenye mbwa wa ukubwa ule angemshawishi nani kwamba ana njaa? Baba akaahidi kumficha chumba cha ndani mpaka wapite. Kesho jioni angeondoka naye.

Mimi nilimwogopa kwa saa chache tu. Kila niliposimama alikuja akaniegemea kwa uzito wake wote, nami nikaamini anataka kuniangusha aniue. Nilipiga kelele mara tatu. Baba akaja akanishika mabega, akanisimamisha imara.

"Haikusukumi. Hii aina inapenda muntu, inamuegemea. Njo salamu yao."

Akanisimulia alivyosimuliwa. Zamani mababu wa mbwa hawa walifugwa Ujerumani na wakubwa wa huko, wakapelekwa porini kukamata nguruwe mwitu na kuwashika mpaka mwenye mkuki afike. Baadaye wawindaji waliisha, wakawekwa milangoni kwa wenye mali, walale hapo watishe watu kwa mwili tu. Jina lao linasema ni wa Denmark, lakini kwao siko. "Karatasi yao inasema ingine, asili ingine," baba akasema, akimtazama mama kwa uchokozi. "Ni mukimbizi kama sisi." Mama akasema mgeni njoo mwenyeji apone, ila huyu mgeni atatumaliza. Kweli, kwa siku moja tu mkia wake ulikuwa umevunja kikombe na kuangusha taa, na mate yake yalikuwa mpaka ukutani. Na kwa ukubwa wote ule alimwogopa jogoo wetu. Baba alisema pia kwamba hawazeeki: miaka saba, minane, moyo unachoka kuuzungusha mwili mkubwa hivyo. Hilo lilinisikitisha sana, nikampenda kuanzia hapo.

Asubuhi ya hesabu baba na mama walitoa viti mlangoni. Mimi nikafungiwa chumba cha ndani na Goliati. Kazi yangu ilikuwa moja: asilie. Watakapofika kwetu nitaitwa, nitoke nihesabiwe, nirudi. Nisiseme neno lolote juu ya kilichomo ndani, hata nikiulizwa nini. Mama alinirudishia hilo mara nne akiwa amenishika kidevu.

Baba akaniachia mfuko wa biskuti za mbwa, wa siku mbili. "Akilia, umupe. Kidogo kidogo, Aline. Kiganja kimoja, ungoje. Halafu kingine."

Sasa, nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa kidogo kidogo. Sukari kidogo kidogo. Mafuta kidogo kidogo. Sabuni ilikatwa kwa uzi. Nilisikia maneno ya baba nikadhani ni yale yale ya umaskini wetu, sasa tunataka kumvisha na mgeni wa watu.

Goliati akaanza kulia. Si kubweka, ni ule mlio mwembamba unaotoka puani, na kupitia mlango nikasikia mkalimani akiita majina safu ya tatu kutoka kwetu. Nikampa kiganja. Akanyamaza, akala, akalia tena. Nikampa viwili. Nikagundua kwamba maadamu anakula hana sauti. Basi nikammiminia mfuko wote. Ulipokwisha, sauti za hesabu zilikuwa safu ya pili, na yeye ameshaanza tena. Pembeni kulikuwa na ndoo ya pumba za mahindi za kuku, zile ambazo hapa Malawi huitwa gaga. Nikazikoroga na maji. Alikula ndoo. Kisha akanywa maji yetu ya kupikia, karibu nusu dumu, akaruka huku na huko kwa furaha mpaka nikamkumbatia shingo kumtuliza.

Ndipo tumbo likaanza kujaa. Lilijaa mbele ya macho yangu, ubavu mmoja ukapanda kuliko mwingine, na nilipolipiga kwa vidole likalia kama ngoma ya kanisani. Nilifurahi. Naliandika hili bila kujificha: nilifurahi sana. Sijawahi kumwona mtu au mnyama ameshiba kiasi hicho, na ni mimi niliyemshibisha. Akafungua kinywa akakunja mgongo kama anayetaka kutapika, likatoka povu jeupe tu. Nikadhani anacheua kwa shibe. Nikamwambia kwa upole, "Cheua tu."

Akajaribu tena, na tena, na hakikutoka kitu. Akageuza kichwa akautazama ubavu wake, akaguna kwa sauti ambayo sikuijua. Miguu ya nyuma ikakunjika. Nilipomfungua mdomo, ufizi wake ulikuwa mweupe. Hapo nikaacha kufurahi. Nikafungua mlango kiasi cha jicho, nikamwita baba.

Baba aliingia, akamwona, akashika kichwa kwa mikono miwili. Madamu alikuwa amemwonya: mbwa hawa hufa kwa tumbo. Linajaa hewa, linajikunja, na saa chache tu mbwa amekwisha. "Lilongwe ni mbali," alisema, akarudia, "Lilongwe ni mbali." Na hakuweza kuondoka. Hesabu ilikuwa safu yetu.

Ua wa nyuma wa nyasi ukatoa mchakacho, akatokea Papa Ntwari. Alikuwa amesikia kupitia ukutani. Hakusalimu. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa mbwa, akagonga kwa kidole hapa, akagonga pale.

"Tumbo hii naijua," akasema. "Ng'ombe zetu zilikuwa zinakufa hivi, kama zimekula majani ya umande. Imekula nini?"

"Biskuti mbili," nikasema.

Alinitazama. Sikuwahi kutazamwa na Papa Ntwari kwa karibu. Jicho lake moja lilikuwa na wingu. "Mutoto, mi siko polisi. Nikitoboa bila kujua, nitaiua mi mwenyewe. Imekula nini?"

Nikamwambia. Biskuti zote, gaga ndoo nzima, maji nusu dumu. Baba akafumba macho. Sijui kama kuna adhabu iliyowahi kuniuma kuliko kuona macho yale yakifumbwa.

Papa Ntwari akatoa kisu kidogo mfukoni, akakipitisha kwenye moto wa jiko. "Kuko bik?"

Nilikuwa na kalamu moja, ya shule. Akaing'oa wino kwa meno, akabakiwa na ule mrija wa plastiki. Baba akakishika kichwa cha Goliati mapajani. Papa Ntwari akatafuta pale panapolia zaidi, akasema maneno mawili ya Kinyarwanda ambayo sikuyaelewa, akachoma. Goliati hakulia. Mrija ukaingia, na hewa ikatoka ikifoka, ndefu, yenye harufu ya pombe ya mahindi, mpaka chumba kikajaa. Ubavu ukaanza kushuka. Papa Ntwari akaushika mrija kwa vidole viwili.

"Nikiachia, inafunga," akasema. "Muende. Banawangoja."

Mkalimani alikuwa anaita jina la baba. Nilifuta mikono kwenye gauni, tukatoka, mlango ukafungwa nyuma yetu.

Nakumbuka msichana wa Kimalawi mwenye daftari, kofia yake, jasho juu ya mdomo wake. Alitusalimu vizuri, akatuhesabu kwa kalamu: mmoja, wawili, watatu. Akasema zikomo, asante ya Kichewa, akasogea mlango wa jirani. Kiti cha Papa Ntwari kilikuwa pale nje, kitupu. Aligonga. Akagonga tena. Kisha mkalimani akatugeukia.

"Na huku jirani, kuko muntu?"

Mama alitazama chini. Baba alifungua mdomo, akautazama mlango wetu, na mdomo ukabaki wazi. Nikaona wamekwama, na mimi nilikuwa nimefundishwa mara nne. Nikasema, kwa sauti nzuri ya darasani, "Hakuna muntu."

Msichana akaandika kitu, wakaenda. Nilijiona mwerevu.

Walipopita, wanaume wanne walimbeba Goliati juu ya mlango wetu ulioondolewa bawabani, wakampakia kwenye pikapu. Baba na Papa Ntwari walipanda pembeni yake, Papa Ntwari bado ameushika mrija. Mkia ulipiga mbao mara moja. Walirudi kesho yake mchana bila mbwa, na baba akaniambia Goliati yuko Area 18, amepona, anakula, "kidogo kidogo". Papa Ntwari akaniletea bik mpya. Nilimuuliza kwa nini ni nyeusi, mwalimu anataka bluu. Akasema duka lilikuwa na hiyo tu.

Tangu hapo, kila tulipopokea chakula, mama alijaza beseni la unga kabla hajapika cha kwetu, akaweka maharagwe juu, akafunika kwa kitambaa. "Ya Goliati," alisema. Baba alilitoa alfajiri ya Jumatatu akienda Lilongwe kazini. Tulikula uji mwepesi mwisho wa kila mwezi, na sikunung'unika hata siku moja, maana nilijua nani anakula sehemu yangu. Beseni lilirudi na mapera, au fungu la mboga, kwa kuwa chombo cha watu hakirudi kitupu. Niliamini ni bustani ya Madamu. Karibu miaka miwili ilikwenda hivyo, kisha siku moja beseni halikujazwa. Nikakumbuka kwamba hawazeeki, nikalia kimya, sikuuliza.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo. Sasa aliyosema mama akichambua maharagwe yake.

Goliati alikufa njiani, hata Lilongwe haijaonekana. Tumbo lilikuwa limeshajikunja, hewa ilitoka lakini damu haikupita. Madamu aliporudi hakupiga kelele. Alilia, akampa baba ule mkanda, na mwezi ulipoisha akatafuta mlinzi mwingine. Zile Jumatatu baba alikuwa anakwenda Kawale kubeba mizigo sokoni.

"Na beseni?" nikauliza.

"Ile siku, mchana, ofisi iliwaita wenye walirukwa waje waandikishe. Papa Ntwari alikuwa kwa barabara na mbwa ya bantu. Wakapiga mustari. Papa yako alienda kusema, wakamwambia angoje. Alingoja karibu miaka miwili, beseni yetu njo ilikuwa inamukulisha." Akapeta maharagwe yasiyokuwa na makapi. "Angekataa chakula yetu kama batoto bangejua. Na we ulikuwa mutoto. Ningekuambia nini? Ile neno ningesema mi. Nilikuwa karibu kuisema. Ulinitangulia tu."

Nilimuuliza kama Papa Ntwari alinisikia. Mama akanionesha ukuta kwa kidevu. Matofali mabichi, unene wa kiganja.

Yupo bado, ukuta kwa ukuta, jicho la pili nalo limeingia wingu. Jioni ile nilijaza beseni nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya heshima, na yote yakanikimbia mlangoni.

"Papa, mi njo nilisema hakuna muntu."

Alikuwa anasuka kamba. Hakuiacha. "Nilisikia," akasema. "Ungesema niko, bangefungua. Bangefungua, ningeachia. Mukono yangu ilikuwa na kazi."

"Lakini ilikufa, Papa."

"Ilikufa njiani. Kwa mukono yangu haikufa."

Nikalia pale nikiwa nimesimama, mtu mzima mwenye wateja. Alilipokea beseni kwa mikono miwili, akaumimina unga kwenye sufuria yake, akalipangusa kwa kiganja. Nikanyoosha mkono nilichukue niende. Akaniambia ningoje. Akainama chini ya kitanda, akapapasa, akapapasa tena, akitafuta kitu cha kuweka ndani.